Kabla hujalipia kifaa cha kusikia, uliza nani atakirekebisha

Kwa miezi saba vifaa vya baba vya kusaidia kusikia vilikaa kwenye droo ya kitanda, ndani ya kiboksi chao cheusi. Kila nilipomtembelea nilimuuliza swali lilelile: "Baba, mbona hujavivaa?" Naye jibu lake lilikuwa moja: "Vinanichosha, mwanangu. Nasikia feni, nasikia milango, watu siwasikii." Tulivinunua kwa kuchanga, sisi watoto wanne, kwenye kliniki ya binafsi. Tulichagua vya daraja la juu kabisa kwa sababu tuliambiwa, tukaamini, kwamba vile vinavyotolewa na serikali ni vya mtu asiye na namna. Baba aliona aibu kutuambia mapema kuwa fedha yetu haikumsaidia. Alinyamaza ili asituvunje moyo, huku akizidi kujitenga kwenye mazungumzo ya nyumbani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye aliingia kwenye foleni ya hospitali ya umma, akasubiri zamu yake, akapewa jozi ya bure. Kwa maelezo ya karatasi ilikuwa nyuma ya ile ya kwanza karibu kwa kila kitu, na haikuweza hata kuunganishwa na simu. Anaivaa tangu anapoamka hadi anapolala.

Ni rahisi kuchukua kisa hiki na kutangaza kwamba vya umma ni bora kuliko vya kununua. Sisemi hivyo, na nitaeleza wakati gani naona kununua ni uamuzi mzuri. Ninachosema ni kwamba tulilinganisha vitu visivyopaswa kulinganishwa. Tulitazama kifaa na kifaa, wakati tofauti kubwa ilikuwa kwenye dakika arobaini ambazo mtu mmoja alizitumia na sikio la baba.

Nilikuwepo chumbani siku ile. Mtaalamu wa usikivu alichukua mrija wa silikoni, mwembamba na laini, akauingiza taratibu kwenye tundu la sikio hadi karibu na ngoma yake, kisha akavika kifaa juu ya mrija huo. Spika iliyokuwa mbele ya baba ikaanza kutoa sauti ya mtu anayesema. Kwenye skrini tukaona mistari miwili: mmoja wa sauti iliyopaswa kufika kwenye ngoma ya sikio lake, mwingine wa sauti iliyokuwa inafika kweli. Upande wa sauti nene mistari ilikaribiana. Upande wa sauti nyembamba, mstari wa pili ulikuwa umelala. Akapandisha kidogo, akapima, akapandisha tena, akamuuliza baba kama inamuumiza, akapima. Sauti ndogo, ya kawaida, kubwa. Sikio la kulia, sikio la kushoto. Alipomaliza aliomba aone na vile vya zamani, akavipima kwa njia ileile. Mstari haukukaribia popote pale ulipotakiwa kuwa.

Alitaka kuvirekebisha papo hapo. Haikuwezekana, kwa sababu vilikuwa vimefungwa kwa programu ya waliotuuzia, na kliniki nyingine yoyote isingeweza kuvifungua. Siku ya kununua hakuna aliyetutajia jambo hilo.

Ili uone kwa nini mrija ule una uzito kuliko jina la kampuni, inabidi uelewe nini hasa hupotea. Watu wengi wanaopungukiwa usikivu kwa umri au kwa kelele za kazini hawapotezi sauti zote kwa pamoja. Zinazotangulia kuondoka ni nyembamba, kwa sababu seli zenye vinyweleo zinazozipokea ziko mwanzoni kabisa mwa koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kilichojizungusha kama konokono, na ndizo zinazochakaa kwanza. Katika Kiswahili jambo hili lina sura yake. Irabu zetu tano ni nzito na za wazi, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Hizo mzee anazipata. Zinazomponyoka ni s, f, sh, t, k na p. Ukimwambia "sita" anapata i na a. Ukimwambia "fika", i na a. "Pita", "shika", "kisa", zote i na a, na kazi ya kubahatisha anaachiwa yeye. Ndiyo maana anakwambia, "Nakusikia, ila sielewi unachosema," na watu wa nyumbani wanadhani ana usikivu wa kuchagua. Kumpigia kelele hakusaidii, maana unakuza irabu ambazo tayari alikuwa anazisikia.

Kifaa kizuri hupandisha sehemu iliyopotea, kwa kiasi cha sikio hilo, na kuiacha iliyobaki itulie. Kiasi hicho hukokotolewa kwa kanuni, na mojawapo ya zinazotumika sana duniani ni NAL-NL2, iliyotengenezwa na maabara ya taifa ya akustika ya Australia. Lakini kanuni hutoa lengo tu. Tundu la sikio lako na la jirani yako hazilingani kwa urefu wala upana, hivyo sauti ileile ya kifaa kilekile hufika kwenye ngoma ya sikio kwa nguvu tofauti. Mpangilio wa kiwandani mara nyingi huwa umepunguza sauti nyembamba ili mvaaji mpya asishtuke. Asiyepima hubonyeza kitufe kimoja, kifaa kinapokea mpangilio huo, na mteja anaondoka akiamini amehudumiwa. Kosa hili halina upande. Zipo kliniki za umma zisizopima kwa mrija kwa sababu ya haraka, na zipo za binafsi zinazopima kwa uangalifu mkubwa.

Kuhusu hofu iliyotupeleka kununua, kwamba vya bure ni duni, soko linasema lake. Sehemu kubwa ya vifaa hivi duniani hutoka kwa kampuni tano: Sonova ya Uswisi, Demant na GN za Denmark, Starkey ya Marekani, na WS Audiology iliyozaliwa mwaka 2019 baada ya Widex na Sivantos kuungana. Huduma za umma hazina viwanda vyao pembeni. Hununua kwa kampuni hizohizo, kwa wingi mkubwa, na ndiyo maana hupata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuiota. Wakati mwingine hata jina hubadilishwa: GN huuzia huduma ya afya ya umma ya Uingereza vifaa kwa jina la Danalogic. Ni kweli kwamba toleo la umma mara nyingi huwa nyuma ya toleo jipya la dukani, na baadhi ya mbwembwe hazimo. Swali ni kama mbwembwe hizo zinasikika.

Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, waliliuliza swali hilo kwa namna ninayoipenda. Waliwapa watu wazima 45, wenye upungufu mdogo hadi wa wastani, vifaa vya daraja la juu na vya daraja la chini kutoka kampuni mbili kubwa. Kila jozi ilivaliwa mwezi mzima katika maisha ya kawaida, na mvaaji hakuambiwa ni ya daraja gani. Zote zilirekebishwa kwa uangalifu uleule. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa zote ziliwasaidia, na kwamba za daraja la juu hazikuzizidi za daraja la chini kwa kiwango cha maana, wala katika kuelewa maneno wala katika ubora wa maisha. Mwaka uliofuata Larry Humes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana waligeuza swali: kifaa kilekile, huduma tofauti. Kundi moja lilihudumiwa na mtaalamu kwa taratibu zote, jingine lilijichagulia lenyewe. Makundi yote mawili yalisaidika, lakini waliojichagulia hawakuridhika sana, na waliotaka kubaki na kifaa walikuwa wachache kuliko wale waliohudumiwa.

Nikiyaweka matokeo haya pamoja na ile skrini ya hospitali, nalazimika kukiri kwamba sisi watoto tulilipia kitu kisicho sahihi. Fedha yetu ilikwenda kwenye daraja la kifaa. Ilipaswa kwenda kwenye muda wa mtu.

Hapa ndipo kliniki ya binafsi inaweza kuwa na thamani halisi. Bei ya binafsi kwa kawaida hufunga kila kitu kwenye furushi moja: kifaa, vipimo, marekebisho, ziara za miaka ijayo. Mnunuzi huona tarakimu moja kubwa asijue sehemu gani ni ya chuma na plastiki, sehemu gani ni ya mkono wa fundi. Omba wakufungulie furushi. Waambie waandike ni ziara ngapi, za muda gani, na nani atakuona. Anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Muulize kama atapima kwa mrija ndani ya sikio lako, na kama atarudia kupima kila atakapobadilisha mpangilio. Muulize kama kifaa kimefungwa. Muulize siku ngapi unaruhusiwa kukirudisha, na akikujibu kwa mdomo, mwombe aandike. Pia usione haya kuuliza analipwaje. Machi 2017 Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia ilitoa ripoti iliyoonya juu ya kliniki zinazolipa wahudumu kamisheni na kuwawekea malengo ya mauzo, kwa sababu mpangilio huo unaweza kumsukuma mtu auziwe kifaa cha gharama asichokihitaji. Mteja wa huduma hii mara nyingi ni mzee, amechoka kuambiwa "rudia tena", na watoto wake wako tayari kutoa chochote. Ni mtu wa kulindwa kuliko mteja wa duka lolote.

Basi lini ningemshauri mtu anunue? La kwanza ni muda. Foleni ya umma ikiwa ya miezi mingi na mtu amefika mahali pa kuacha kazi, au kuacha kujibu simu, au kuacha kwenda msibani na harusini kwa sababu haelewi kinachosemwa, kusubiri kuna gharama isiyoandikwa popote. Ubongo nao huzoea ukimya, na kadiri unavyozoea ndivyo siku za kwanza za kuvaa kifaa zinavyokuwa ngumu. La pili ni kazi yenyewe. Nina rafiki ambaye siku nzima yuko kwenye simu na mikutano ya mtandaoni. Kwake sauti ya simu kuingia moja kwa moja masikioni ni chombo cha kazi, na kliniki ya umma haikuwa na kifaa cha namna hiyo. Alinunua, akafanya vizuri. Wapo pia wenye upungufu usio wa kawaida, na wanamuziki, ambao wanahitaji marekebisho mengi kuliko ratiba ya umma inavyoruhusu.

Vidole navyo vihesabiwe. Betri ndogo za zinki-hewa, zile zenye kikaratasi cha kahawia au cha machungwa, ni mtihani kwa mtu mwenye baridi yabisi au asiyeona vizuri. Nimemwona mama mmoja akitumia robo saa kubadilisha betri mbili, moja ikadondoka chini ya kabati, akaamua kwenda kanisani bila kifaa. Kama umma hautoi vya kuchaji, kwa mtu kama huyo kulipia vya kuchaji si anasa hata kidogo.

Sababu inayonitia shaka ni ile inayotajwa zaidi kuliko zote, yaani kutoonekana. Wengi hukimbia vya umma kwa sababu ni vya kuning'inia nyuma ya sikio, wakitaka vile vya kuzama ndani. Sicheki aibu hiyo. Jamii inayomdhania kiziwi ni mpumbavu ndiyo iliyoitengeneza. Lakini udogo una bei yake mbali na fedha. Betri ndogo huisha haraka, nguvu hupungua, nta ya sikio huziba spika mara kwa mara, na kifaa kidogo sana hakina nafasi ya koili ya sumaku, ile inayopokea sauti moja kwa moja kwenye kumbi na nyumba za ibada zilizowekewa waya wake. Mtu hulipa zaidi ili asikie kidogo zaidi. Aamue mwenyewe, ila aambiwe kwanza.

Ipo na sababu ninayoikataa kabisa, nayo ni kitisho cha kupoteza akili. Mauzo mengi siku hizi hufanywa kwa kumwambia mzee kwamba asiponunua sasa atapatwa na ugonjwa wa usahaulifu. Uhusiano kati ya upungufu wa usikivu na ugonjwa huo unachunguzwa kwa dhati. Lakini jaribio kubwa la ACHIEVE lililochapishwa 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84 waliofuatiliwa miaka 3, halikuonyesha tofauti kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa, kwa washiriki wote kwa jumla. Ni katika kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo ndipo kushuka kwa uwezo wa akili kulipungua kwa asilimia 48. Ni habari njema kwa kundi hilo. Kuigeuza kuwa fimbo ya kumchapia kila anayeingia dukani ni kumkosea heshima mzee.

Uingereza imetoa vifaa hivi bure tangu huduma yake ya afya ya umma ilipoanza mwaka 1948, kwa kifaa cha kubeba mwilini kilichoitwa Medresco. Vifaa vya kidijitali vilianza kuingizwa kwenye huduma hiyo mwaka 2000. Mgonjwa hupewa kwa mkopo, betri na matengenezo bila malipo. Hata huko mambo hayakuwa shwari. Oktoba 2015 eneo la North Staffordshire lilianza kuwanyima watu wazima wenye upungufu mdogo, na baadhi ya wenye upungufu wa wastani, haki ya kupewa bure. Ufaransa ilichukua njia nyingine, na tangu 2021 imegawa vifaa madaraja mawili. La kwanza lina viwango vilivyowekwa na serikali, na mwenye bima ya nyongeza hulipiwa lote. La pili lina bei huru. Kote kuna jaribio la angalau siku 30 na waranti ya miaka 4, na ufuatiliaji wa mtaalamu umo ndani ya bei. Huo naona ni utaratibu wenye busara, kwa sababu anayelipa na asiyelipa wanapita mikononi mwa mtaalamu yuleyule. Marekani, ambako bima ya serikali ya wazee kwa mpangilio wake wa msingi hailipii vifaa hivi, iliamua tangu 17 Oktoba 2022 kuruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani kujinunulia dukani bila cheti. Bei zilishuka kwa baadhi. Mrija haukuja na boksi.

Jambo moja zaidi lazima lisemwe, hata kama halimpendezi aliyekwisha kulipa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu wote ambao kifaa kingewafaa, asilimia 17 tu ndio wanaokitumia. Wengi wa waliobaki hawatanunua kamwe. Kliniki ya umma ndiyo matumaini yao yote. Na kliniki hiyo hujengwa na watu wanaoulizia, wanaoandika barua, wanaohoji kwa nini chumba cha vipimo kina mashine mbovu. Mara nyingi hao ni watu wenye elimu na kipato, walewale wanaoondoka kwanza kwenda kwa binafsi. Sisi tuliondoka bila hata kwenda kuuliza foleni ilikuwa ya muda gani. Siwalaumu wanaolipa, nami nilikuwa mmoja wao. Naomba tu kwamba anayelipa aendelee kupaza sauti kwa ajili ya kliniki ya umma, maana siku moja betri zake zitaisha na akiba pia.

Vile vya kwanza bado vipo kwenye droo. Tuliwarudia waliotuuzia, wakatuambia muda wa kurudisha umepita, ila tunaweza kulipia ziara ya marekebisho. Hatukulipa. Lakini baba, ambaye sasa anashinda akizungumza na wajukuu, ameanza kulalamika kuwa kwenye simu anawapata nusunusu, na majuzi ameniambia hataona vibaya kununua jozi inayounganika na simu, kwa fedha yake mwenyewe ya pensheni. Nilimwuliza tuanzie kliniki ipi. "Yoyote," akasema, "lakini piga simu kwanza, waulize kama wana ule mrija."